Mbao, Mchanga na Pesa: Kwa Nini Watu Husafiri Mbali Kwenda Kutembea Tu

Mwaka 1870, kero kubwa ya Atlantic City, mji mdogo wa pwani katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, ilikuwa mchanga. Ulisafiri na wageni kwenye viatu na kwenye pindo za magauni marefu ya wakati ule, ukaingia ndani ya mabehewa, ukatapakaa kwenye mazulia ya hoteli. Alexander Boardman, kondakta wa treni, alichoka nao. Jacob Keim, mwenye hoteli, alichoka nao vilevile. Wakaenda halmashauri ya mji na ombi moja: watandike mbao juu ya mchanga, watu wapite hapo. Halmashauri ikakubali, na tarehe 26 Juni mwaka huo njia ikafunguliwa. Ilikuwa na urefu wa kama maili moja, nyembamba, imeundwa kwa vipande vilivyoweza kuondolewa baridi ilipoanza na kuwekwa ghalani mpaka msimu mwingine.

Kwa maneno mengine, lilikuwa zulia la mlangoni la kufutia miguu, ila refu sana. Hakuna aliyelikusudia liwe kivutio. Lakini haukupita muda, wageni wakawa wanateremka kwenye treni na kwenda moja kwa moja kwenye mbao. Wanatembea hadi mwisho, wanageuka, wanarudi. Wengine hata maji hawayagusi.

Leo njia za namna hii ni nguzo ya utalii wa pwani katika nchi nyingi, na bado kuna kitu ndani yake kisichoelezeka kirahisi. Mtu anasafiri saa nne na kulipia chumba cha hoteli ili akafanye jambo ambalo angeweza kulifanya akitoka tu mlangoni kwake: kutembea. Kwa nini? Na kama kutembea ni bure, nani anakula faida, nani analipia mbao, na kwa nini kila baada ya miaka michache panazuka ugomvi mkali juu ya kitu kinachoonekana kidogo kama ubao?

Tutenganishe kwanza mambo matatu ambayo vijitabu vya utalii hupenda kuyachanganya. Kuna gati la burudani, linaloacha nchi kavu na kuingia baharini juu ya nguzo, kama Brighton Palace Pier ya Uingereza iliyofunguliwa mwaka 1899. Kuna njia ya matembezi ya mawe, lami au zege inayoandama ufuko, kama Promenade des Anglais ya Nice. Hiyo ilianza miaka ya 1820 kwa michango ya Waingereza waliokwenda huko kukwepa baridi ya kwao. Walipoona watu wenye njaa wamejaa mjini baada ya msimu mbaya, wakawapa kazi ya kuijenga. Halafu kuna njia ya mbao yenyewe, iliyolala juu ya mchanga sambamba na maji. Les Planches ya Deauville, Ufaransa, iliyowekwa mwaka 1923, ni ya kundi hili, na sababu yake inafanana na ile ya Atlantic City: mabibi wa tabaka la juu hawakutaka magauni yao yachafuke. Makala hii inahusu zaidi aina hii ya tatu. Zile mbili zitapita humu mara mojamoja, kwa sababu matatizo yao ni yale yale.

Mtaa wenye upande mmoja

Siri ya kwanza iko kwenye umbo. Mtaa wa kawaida una maduka pande mbili na magari katikati. Njia ya mbao ina maduka upande mmoja, upande wa pili ni bahari, na gari halipiti. Anayetembea hana uamuzi wa kufanya isipokuwa kwenda au kurudi. Hakuna kona ya kupotelea. Mtoto akikimbia mbele, mzazi bado anamwona. Macho yakichoka na watu yanahamia kwenye maji, yakichoka na maji yanarudi kwa watu.

Na kwa kuwa njia ni moja, yule uliyepishana naye ukienda utapishana naye tena akirudi. Umeona kofia yake, ameona viatu vyako. Utamu wa njia ya mbao, tangu enzi za magauni marefu hadi enzi za kaptula, ni kutazama na kutazamwa, na bahari ni kisingizio kizuri cha kufanya hivyo bila kuonekana mmbeya. Kule Ocean City, katika jimbo la Maryland, kuna benchi zilizotengenezwa na mtu aliyelijua hili vizuri. Egemeo lake halikukazwa. Unalisukuma upande huu, unakaa ukiangalia mawimbi. Unalisukuma upande ule, bahari inabaki mgongoni na mbele yako wanapita watu. Sijui kifaa kingine kinachoeleza utalii wa ufukweni kwa uwazi kuliko egemeo hilo.

Jambo la pili ni kwamba hakuna tiketi. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, na mfano wake bora ni Coney Island, New York. Mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa ya ufukwe ule ilikuwa mikononi mwa wenye hoteli na wenye mabanda ya kubadilishia nguo. Walizungusha uzio mpaka majini. Ukitaka kuoga baharini, toa pesa. Jiji likautwaa ufukwe, likavuta mchanga kutoka baharini kwa pampu ili kuupanua, likajenga njia ya mbao yenye upana wa futi 80 na kuifungua mwaka 1923. Ikapewa jina la Edward Riegelmann, kiongozi wa Brooklyn aliyeisimamia. Treni ya jiji ilikuwa imeshafika hapo miaka mitatu nyuma kwa nauli ya senti tano. Ukiweka pamoja senti tano za nauli na ufukwe usio na mlango, unapata umati ambao haukuwahi kuonekana pale: washonaji wa viwandani na wabeba mizigo wakitembea mahali ambapo awali palikuwa pa wenye uwezo.

Hapo usidhani kila mtu alikaribishwa. Atlantic City ilikuwa na viti vya magurudumu vya kusukumwa, vilivyoanza kama huduma kwa wagonjwa na kugeuka starehe ya wenye pesa. Waliokaa walikuwa wazungu, waliosukuma kwa kawaida walikuwa Wamarekani weusi. Mtu mweusi aliyetaka kwenda ufukweni kama mgeni aliambiwa aende kipande kimoja tu, karibu na Missouri Avenue, kilichokuja kujulikana kama Chicken Bone Beach. Hali hiyo iliendelea mpaka sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Picha za zamani za umati wenye furaha juu ya mbao zinapaswa kuangaliwa na hilo likiwa akilini, hasa ukitazama ni nani ameshika mpini wa kiti.

Bure katikati, ghali pembeni

Tuje kwenye pesa. Njia ya mbao yenyewe haiingizi kitu. Inajengwa na halmashauri au jiji kwa kodi za wananchi, inakarabatiwa vivyo hivyo, na mtu anaweza kuitumia siku nzima bila kutoa senti. Thamani inayozalishwa na umati huo haikai kwenye mbao. Inahamia pembeni, kwenye vyumba vya maduka vinavyoitazama, na inaonekana kwenye kodi ya pango. Mwenye jengo lililo hatua kumi kutoka kwenye njia anapata mpangaji anayemlipa vizuri. Jengo linalofanana nalo, mitaa miwili nyuma, linasubiri mteja. Mwenye jengo la kwanza hakufanya kazi yoyote ya ziada. Mji ndio uliomletea watu mlangoni.

Mpangaji naye hana raha. Kwenye pwani zenye baridi, msimu wenyewe ni mfupi: Marekani unahesabiwa kuanzia wikiendi ya mwisho ya Mei hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba, siku mia hivi. Ndani ya siku hizo lazima apate pesa ya kumfikisha mwaka mwingine, na mvua ikinyesha wikiendi tatu mfululizo hesabu imeharibika. Ndiyo maana bidhaa za pale ni za kununuliwa bila kufikiri sana: mchezo wa kurusha mpira ushinde mdoli, picha ya papo kwa papo, fulana, kitu kitamu cha kushika mkononi. Ndiyo maana pia miji hii huhangaika kurefusha msimu. Mashindano ya Miss America yalianzishwa Atlantic City mwaka 1921 kwa hesabu hiyo hiyo, ili wageni wasikimbie baada ya ile Jumatatu ya Septemba.

Biashara moja ya zamani iliielewa hali hii kuliko zote. Ni peremende laini ya kutafuna inayouzwa kwa jina la peremende ya maji ya chumvi, ambayo kwa kweli haina tone la maji ya bahari. Joseph Fralinger aliifungasha kwenye maboksi ya zawadi mwishoni mwa karne ya 19. Akili yake haikuwa kwenye sukari, ilikuwa kwenye boksi: mgeni anatembea bure, anatazama bure, na anapanda treni akiwa na kitu cha kuwaonyesha wa nyumbani kwamba alifika.

Wengine walitafuta njia ya kuweka mlango wa kulipia mahali pasipo na mlango. Kwa kuwa upande wa bahari haukuwa na maduka, walijenga kuelekea majini kabisa. Steel Pier ya Atlantic City, iliyofunguliwa mwaka 1898, iliunganishwa na njia ya mbao kama tawi: ukifika pale unalipa, unaingia, unakuta muziki, maonyesho, na kwa miongo kadhaa hata farasi aliyeruka kutoka jukwaani mita nyingi juu hadi kwenye bwawa akiwa na mtu mgongoni. Mkondo wa watu ulikuwa wa bure. Gati lilikuwa ndoano iliyotegwa ndani ya mkondo.

Kuna mahali ambapo mfumo wote uko mikononi mwa kampuni moja. Santa Cruz, California, ilifungua eneo lake la burudani mwaka 1907, na mpaka leo kampuni binafsi ndiyo inayoendesha: kuingia ni bure, unalipia kila mchezo unaoupanda. Rola kosta yake ya mbao (treni ya mchezo inayopanda na kushuka kwa kasi), Giant Dipper, inatembea tangu 1924. Wamiliki hawa wana sababu ya kuitunza njia kwa sababu wao wenyewe ndio wanaokula matunda ya umati. Mahali pengine mwenye mbao ni mji na mwenye faida ni mwenye jengo, na kati yao kuna mazungumzo yasiyoisha juu ya nani alipie taa, usafi, askari na skrubu.

Baadhi ya miji ya New Jersey iliona suluhisho ni kuwatoza watu kuingia ufukweni. Unanunua beji, unaibandika kwenye nguo ya kuogelea. Atlantic City na Wildwood hazitozi. Majirani wengi wanatoza. Mji mmoja, Avon-by-the-Sea, ukaamua wageni walipe zaidi ya wenyeji. Kesi ikafika mahakama kuu ya jimbo, na mwaka 1972 majaji wakasema hapana. Bahari na ufuko unaofikiwa na maji ni amana ya umma. Mji unaweza kutoza gharama za usafi na waokoaji, lakini hauwezi kumtoza wa nje zaidi ya wa ndani. Nadhani uamuzi ule ulikuwa sahihi, ingawa namwelewa pia mlipakodi wa mji wenye wakazi elfu chache anayesafisha takataka za watu laki.

Kasino ziligeuza mgongo

Kama mtu angetaka kujua ni nini kinachoweza kuiua njia ya mbao bila dhoruba, Atlantic City imekwisha kufanya jaribio hilo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mambo yaliyokuwa yakiujaza mji yalianza kuondoka. Ndege zilimpeleka mtu Florida kwa saa chache. Gari lilimpa uhuru wa kwenda ufukwe wowote, si ule tu ulio mwisho wa reli. Viyoyozi vilifanya kiangazi cha mjini kivumilike. Mwaka 1964 chama cha Democratic kilifanya mkutano wake mkuu hapo, na waandishi wa habari waliokuja na kamera wakaionyesha nchi nzima hoteli zilizochakaa. Mwaka 1976 wapiga kura wa New Jersey wakaruhusu kamari katika mji huo peke yake, na tarehe 26 Mei 1978 kasino ya kwanza halali nchini Marekani nje ya jimbo la Nevada ikafunguliwa, papo hapo kando ya mbao.

Pesa zilikuja, na nyingi mno: mwaka 2006 kasino za mji ziliingiza kama dola bilioni 5.2. Lakini angalia namna kasino inavyojengwa. Ukumbi hauna madirisha. Saa ya ukutani haipo. Chakula, vinywaji, muziki na chumba cha kulala vyote vimo ndani, na mgeni anaweza kuegesha gari kwenye jengo la nyuma, akacheza, akalala, akaondoka bila kukanyaga ubao hata mmoja. Njia ya mbao iliishi kwa kumwacha mtu azurure. Kasino inaishi kwa kumzuia asizurure. Wenye vibanda vya nje walibaki na bahari na upepo.

Kisha majimbo jirani nayo yakaruhusu kamari, na mchezaji akawa na kasino karibu na kwake. Kitu pekee ambacho Atlantic City ilikuwa nacho na wengine hawana, ule ufuko wenye mtaa wa upande mmoja, kilikuwa kimewekwa nyuma ya ukuta kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2014 pekee kasino 4 kati ya 12 zilifunga milango.

Ubao wenyewe

Anayepita haangalii chini, lakini ugomvi mwingi uko chini. Mbao huwekwa kukata njia, au kwa mshazari kama Coney Island, wala hazilazwi kwa kufuata mwendo, kwa sababu gurudumu la kiti au baiskeli lingezama kwenye ufa na kufuata ubao. Ufa wenyewe ni wa lazima: maji ya mvua na mchanga vipite, na ubao upate nafasi ya kuvimba ukilowa. Chumvi inakula skrubu. Kutu ikianza, mti unaoizunguka unalainika, skrubu inalegea, ubao unainuka kidogo, na mtu anajikwaa. Kinachoharakisha uchakavu, mara nyingi, ni magari ya kuzoa taka na ya polisi ambayo hupita juu ya mbao zilizokusudiwa miguu.

Mti uliopendwa kwa miongo mingi ni ipe, kutoka misitu ya Amerika ya Kusini. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Huwezi kuupigilia msumari bila kuutoboa kwanza. Wadudu na ukungu huchoka nao. Deauville wao wanatumia azobé, mti mgumu wa misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati. Tatizo la ipe ni kwamba haioti kwa makundi. Mti mmoja husimama peke yake katika hekta kadhaa, kwa hiyo kuufuata kunamaanisha kufungua barabara msituni, na barabara ikishafunguka wanaingia wengine. Mwaka 2008 meya wa New York, Michael Bloomberg, alitangaza kwamba jiji litapunguza matumizi ya mbao ngumu za tropiki. Tangu Novemba 2024, biashara ya kimataifa ya ipe iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Sasa uweke nini badala yake? Zege hudumu, lakini ni gumu kwa magoti ya wakimbiaji, na wenyeji wanasema wazi kwamba kwao hiyo ni njia ya kawaida ya miguu, haina tofauti na ile ya mbele ya benki. Plastiki iliyorejelezwa haiozi, ila inatanuka kwenye joto na inateleza ikilowa. Coney Island walipigania mbao zao kwa miaka. Jiji lilipopitisha mwaka 2012 mpango wa zege na plastiki kwa kipande cha njia hiyo kilicho Brighton Beach, mtaa jirani, wakazi walipinga kwa nguvu. Mwaka 2018 njia nzima ikapewa hadhi ya alama ya kihistoria ya mandhari. Hoja ya wapinzani ilionekana ya hisia tu kwa wahandisi, lakini mimi naona ina mantiki ya kibiashara: kama mgeni anakuja kwa sababu ya mbao, ukimwekea zege umebakiza bahari, na bahari iko kila mahali pwani.

Mstari ulionyooka kwenye mchanga usiotulia

Hata hivyo, mbao na zege ni mjadala mdogo ukilinganisha na ule wa bahari. Sehemu kubwa ya pwani ya mashariki ya Marekani ni visiwa vyembamba vya mchanga, na visiwa vya aina hiyo vinahama. Dhoruba huchukua mchanga mbele na kuutupa nyuma. Mkondo unaoambaa pwani huubeba kutoka kipande hiki hadi kile. Njia ya mbao ni mstari ulionyooka uliochorwa juu ya kitu hicho, na kuanzia siku inapokamilika, mji unajikuta na kazi ya kuuzuia mchanga usiende unakotaka.

Ocean City, ile yenye benchi za kugeuza, inaonyesha kazi hiyo inavyokwenda. Agosti 1933 kimbunga kilikata kisiwa kusini mwa mji na kuacha mlango wa maji kati ya ghuba na bahari. Wavuvi walifurahi, wakapata njia ya kupitisha boti. Wahandisi wakajenga kuta za mawe pande zote mbili ili mlango usizibe. Ukuta wa kaskazini ukaudaka mchanga uliokuwa ukisafiri kusini, na ufuko mbele ya njia ya mbao ukatanuka mpaka watalii wakapata eneo pana ajabu. Upande wa pili wa mlango, kisiwa cha Assateague kikakosa mchanga wake. Sehemu yake ya kaskazini imerudi nyuma kuelekea bara kwa mamia ya mita. Ukisimama mwisho wa njia ya mbao na kutazama kusini, unaona ufuko wa huku na wa kule haupo tena kwenye mstari mmoja. Utalii wa mji mmoja ulilipiwa mchanga na kisiwa cha jirani.

Njia nyingine ni ukuta. Galveston, Texas, ilipoteza watu wasiopungua 6,000 katika kimbunga cha Septemba 1900, ikajenga ukuta wa zege wenye kimo cha futi 17, na juu yake watu wakapata mahali pa kutembea panaponyooka kwa maili nyingi. Ukuta umeokoa mji. Lakini wimbi linalogonga ukuta hurudi na nguvu na kukomba mchanga ulio chini yake, hivyo mahali pengi ufuko ukatoweka na sasa mchanga unaletwa kwa gharama. Bila kuletewa, mtembeaji angekuwa na njia nzuri ya kutazamia ufukwe usiokuwepo.

Dhoruba ya Sandy ya tarehe 29 Oktoba 2012 iliweka mambo yote haya mezani kwa usiku mmoja. Rockaway, New York, mbao ziling'oka na kusukumwa mitaani hadi kwenye nyumba, zikaacha nguzo za zege zimesimama bila kubeba kitu. Seaside Heights, New Jersey, gati lilibomoka na rola kosta yake ikabaki imesimama ndani ya bahari kwa miezi. Mji ukaharakisha kuweka mbao mpya ili uwahi kiangazi cha 2013, ukafaulu. Septemba mwaka huo huo moto ukazuka. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa nyaya za umeme zilizo chini ya njia, ambazo maji ya chumvi ya Sandy yalikuwa yameziharibu na hakuna aliyeziona. Upepo ukasukuma moto chini ya mbao, duka hadi duka, zaidi ya 50 zikateketea. Ili kuuzuia, wafanyakazi waling'oa kipande cha njia na kuchimba pengo kukata mbao ambazo zilikuwa na miezi michache tu tangu ziwekwe.

Kinga inayofanya kazi vizuri kuliko zote haipendezi machoni: matuta ya mchanga yenye majani, yaliyo juu kuliko kichwa cha mtu. Wimbi linakula tuta badala ya kula nyumba. Tatizo ni kwamba tuta linakaa pale pale macho yanapotaka kupita. Katika mji wa Harvey Cedars, New Jersey, mwenye nyumba alidai fidia kwa kuzibiwa bahari na tuta, na baraza la mahakama likampa dola 375,000. Mwaka 2013 mahakama kuu ya jimbo ikatengua hukumu hiyo, ikisema lazima ihesabiwe pia faida ya nyumba kulindwa. Mwishowe shauri likamalizwa kwa dola moja.

Kwa mji wenye njia ya mbao hesabu hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu mandhari ndiyo biashara. Long Beach, kwenye kisiwa kimoja kusini mwa Long Island, ilipewa mpango wa matuta na wahandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 2006 madiwani wake wakaukataa kwa kauli moja. Hofu zilikuwa za kueleweka: wanaotembea wasingeona maji, wanaoteleza kwenye mawimbi wangeharibiwa mchezo wao, nyumba zingeshuka bei. Majirani kadhaa kwenye kisiwa hicho hicho waliukubali. Sandy ilipofika, majirani wale waliepuka hasara kubwa, na Long Beach ikapoteza njia yake ya mbao yenye urefu wa zaidi ya maili mbili. Ilijengwa upya ndani ya mwaka mmoja, kwa mbao ngumu za tropiki, na safari hii mji ulikubali matuta.

Rockaway wao walichukua njia ya kati. Njia mpya, iliyokamilika mwaka 2017 kwa urefu wa maili tano na nusu, ni ya zege na imeinuliwa, matuta yako mbele yake, na mtembeaji anaona bahari kwa juu. Inachodai ni miteremko mirefu ya kupandia, ambayo anayesukuma kiti cha magurudumu huijua kabla ya mtu mwingine yeyote.